Yule Binti Atasikika?

Wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliobanana kule mlangoni, asanteni kwa kuja na joto hili.

Nianze na mvua. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika ukumbi mmoja hapa Kisumu, wanafunzi wanaigiza. Saa tisa na nusu hivi wingu likapanda kutoka ziwani, mvua ikashukia mabati. Binti aliyekuwa akimwombolezea mumewe akapaza sauti, akapaza tena, mwisho akabaki anafumbua mdomo tu. Mama aliyekaa karibu nami akauliza, "Huyu sasa analia au anaimba?" Mchezo ukasimama mpaka mvua ilipochoka.

Kila tukitaja jumba jipya la utamaduni, ubishi ni ule ule: tujenge kwa ujasiri au tushike mila? Huyu anataka jengo lenye umbo la ngege, yule samaki wa ziwani, magamba ya kioo yang'ae hadi Dunga. Yule anasema huko ni kuiga Dubai, tuezeke nyasi kama Ber-gi-dala, lile boma la Kijaluo pale makumbusho. Wote wanagombania sura.

Wa ngege hunitajia jumba la opera la Sydney. Haya. Mchoro wa Jørn Utzon, mtu wa Denmark, ulishinda shindano mwaka 1957. Makadirio ya mwanzo yalikuwa dola milioni 7 za Australia. Lilipofunguliwa 1973 jengo lilikuwa limekula milioni 102. Utzon mwenyewe alijiondoa 1966 baada ya kuzozana na serikali, na hakurudi kamwe kuliona limekamilika. Leo Australia nzima inajulikana kwa paa lile. Ila ndani ya ukumbi mkubwa wanamuziki walilalamika miaka na mikaka kwamba hawasikiani, hadi ukafungwa kwa ukarabati na kufunguliwa tena 2022. Nje paa kama matanga ya jahazi, ndani mpiga fidla hamsikii mwenzake!

Na nyinyi wa nyasi, msicheke. Nendeni tena Ber-gi-dala, mtazame vizuri. Nyumba ya mikayi, mke mkubwa, inaelekea lango. Simba, yaani vibanda vya vijana wa kiume, ziko karibu na lango hilo. Hujakaribishwa bado na tayari unajua nani ni nani. Paa limeshuka chini, ukuta haupigwi na jua, wala mvua haiulambi. Usanifu ndio huo. Nyasi ni vifaa tu.

Msanifu majengo Francis Kéré wa Burkina Faso alipotaka kujenga shule ya udongo kijijini kwao Gando, wenyeji walimtilia shaka: udongo utastahimili masika gani? Shule ikakamilika 2001. Dari ni ya matofali ya udongo yenye nafasi za kupitisha hewa. Juu yake paa la bati limeinuliwa kwa nondo, likining'inia mbali na dari, joto linatokea katikati. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani.

Mimi basi ni wa ujasiri, ila ujasiri wenyewe niuone kwenye paa. Atakayeniletea mchoro nitamuuliza: mwezi wa nne, saa tisa na nusu, yule binti atasikika? Akianza kunieleza habari za magamba, nitamaliza soda yangu niende zangu.

Naona kule ziwani kumeanza kuwa kweusi, na juu yetu hapa ni mabati. Leteni maswali haraka.