Hela ya Chama Inatoka Mfuko wa Nani?

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Mimi Zuhura, niko na kaka yangu Baraka, ambaye hata kabla hatujaanza kurekodi alishaanza kugomba.

BARAKA: Sikugomba, dada. Nilisema tu kwamba mtu mmoja akikipa chama cha siasa milioni moja, usiniambie amechangia. Huyo amenunua.

ZUHURA: Haya, tuanzie chini. Chama kina ofisi, watendaji wanaotaka mishahara, mabango, magari, na siku hizi matangazo ya mitandaoni. Ada za wanachama mara nyingi hazitoshi. Kwa hiyo kinabaki na ruzuku ya serikali au michango ya watu binafsi na kampuni. Kuna vyama vyenye biashara zao pia...

BARAKA: Hizo tuziache, tutalala hapa. Mimi nataka ile ya Uingereza. Januari 1997, Bernie Ecclestone, mkubwa wa mbio za magari za Formula One, anakipa chama cha Labour pauni milioni moja. Mei Labour wanashinda uchaguzi. Novemba serikali, ambayo iliahidi kupiga marufuku matangazo ya sigara michezoni, inataka Formula One isiguswe kwanza. Wewe ungesemaje?

ZUHURA: Ningesema mla cha mwenziwe na chake huliwa. Ila Baraka, Waziri Mkuu wa wakati huo, Tony Blair, alikana katakata kwamba viwili hivyo vinahusiana, na hakuna aliyeonyesha kwamba hela ile ndiyo iliyonunua uamuzi.

BARAKA: Hapo ndipo penye ubaya! Huwezi kuthibitisha, na huwezi kuacha kushuku. Ndiyo maana nasema michango ya watu binafsi ifutwe yote, serikali ilipie vyama, basi.

ZUHURA: Serikali ipi? Iliyopo madarakani? Fikiria vizuri. Ruzuku kwa kawaida hugawanywa kwa kura au viti vya uchaguzi uliopita. Chama kilichozaliwa jana hakina kura wala kiti, kitakula nini? Na vile vikubwa vikishajua hela inaingia kila mwaka, mwanachama wa kawaida wanamtafutia nini? Kumpigia makofi tu.

BARAKA: Hilo la chama kipya limenigusa kidogo.

ZUHURA: Wajerumani wana njia ninayoipenda. Chama kinalipwa kwa kura, sawa, lakini pia kwa kila yuro moja ya ada au mchango kutoka kwa mtu binafsi serikali inaongeza senti 45, na inahesabu yuro 3,300 tu kwa mtu mmoja kwa mwaka. Halafu ruzuku yote haiwezi kuzidi kile ambacho chama kimejikusanyia chenyewe. Usipobisha hodi kwa watu, na serikali haikupi.

BARAKA: Lakini tajiri bado anaruhusiwa kutoa zaidi ya hapo.

ZUHURA: Anaruhusiwa, ila jina lake litatoka. Ikizidi yuro 35,000 inatangazwa haraka.

BARAKA: Kwa hiyo wewe ugomvi wako ni na siri, si na hela.

ZUHURA: Na siri kwanza. Tazama India. Kuanzia 2018 mtu au kampuni iliweza kununua hati maalumu kutoka State Bank of India na kukipa chama, bila umma kujua nani kampa nani. Walisema ni kumlinda mchangiaji asiandamwe. Sasa jiulize: benki ni ya nani?

BARAKA: Ya serikali.

ZUHURA: Enhee! Mpiga kura hajui, mpinzani hajui, lakini rekodi imekaa kwenye benki ya serikali. Februari 2024 Mahakama ya Juu ya India ikaufuta utaratibu huo, ikasema unamnyima raia haki ya kujua, na majina yakaamriwa kuwekwa wazi. Baadhi ya wanunuzi wakubwa wakaonekana ni kampuni zilizokuwa zikichunguzwa na vyombo vya serikali.

BARAKA: Na kampuni yenyewe inachangia kwa haki gani? Haipigi kura. Kanada ilizikataza kampuni na vyama vya wafanyakazi moja kwa moja mwaka 2007. Mahakama ya Brazil ikafanya hivyo 2015.

ZUHURA: Hapo nakubali, bila hata kubishana. Mtu binafsi achangie, kiasi chenye kikomo, jina lijulikane. Jiji la Seattle, Marekani, wameenda mbali zaidi: mkazi anapewa vocha nne za dola 25, anampa mgombea wa jiji anayemtaka. Hata asiye na kitu anakuwa mfadhili.

BARAKA: Tamu. Lakini weka kikomo, hela itapita dirishani. Marekani ina vikomo vya kumpa mgombea, ila tangu hukumu ya 2010 makundi yanayojiita huru yanatumia bila kikomo kumnadi mgombea yuleyule.

ZUHURA: Ni kweli, na mimi hapo sina dawa.

BARAKA: Basi niulize la mwisho. Yule Ecclestone, hela yake iliishia wapi?

ZUHURA: Alirudishiwa yote.

BARAKA: Na Formula One?

ZUHURA: Ikapewa muda wa nyongeza vilevile. Matangazo ya sigara yalibaki kwenye magari kule Uingereza hadi 2005.