Metali Ipi Ina Nguvu Zaidi?

Ndugu wasikilizaji, swali hilo huulizwa kila mara, nami silijibu mpaka nijue metali yenyewe itafanyiwa nini. Itavutwa? Itakwaruzwa? Itagongwa?

Tuanze na kuvuta. Kipande cha chuma cha ujenzi hubanwa ncha zote mbili, mashine ikavuta polepole. Mwanzoni hakuna cha kutazama: kinarefuka kiasi ambacho jicho halioni, na ukikiachia kinarudi kilivyokuwa. Mkazo ukifika takriban megapaskali 250, yaani nyutoni 250 kwa kila milimita mraba, kinasalimu amri. Mzigo unasita, pengine unashuka kidogo, huku chuma kikizidi kurefuka. Ukikiachia sasa, hakirudi tena. Baadaye kinakaza upya, mkazo unapanda hadi 400 hivi, ndipo mahali pamoja panaponywea kama kiuno cha nyigu, na hapo ndipo kinapokatika. Gusa pale mara moja: pana joto.

Mhandisi wa madaraja huitazama ile 250. Daraja lililopinda lisirudi halitufai, hata kama halijakatika.

Sasa lipo jambo ambalo wengi hulikataa. Chuma laini, na chuma chenye kaboni kilichopashwa moto kikazimwa majini ili kiwe kigumu, vina ukakamavu, yaani uwezo wa kupinga kurefuka na kupinda, karibu ule ule: gigapaskali 200 hivi, yaani megapaskali 200,000. Kukizima hakukizuii kupinda. Kunasogeza mbele tu pale kitakapogoma kurudi. Ukitaka mhimili usiyumbe, uongezee unene, usikimbilie chuma ghali.

Ugumu wa kutobonyea hautuchukui muda. Brinell wa Uswidi alionyesha njia mwaka 1900: gololi ya milimita 10 inakandamizwa juu ya metali, kisha unapima upana wa kishimo. Kikiwa chembamba, metali ni ngumu. Basi.

Kugonga ndiko kunakoumbua. Katika kipimo cha Charpy, kijiti cha chuma chenye mkato wa kina cha milimita 2 hupigwa na nyundo inayobembea; jinsi nyundo inavyopanda kidogo upande wa pili ndivyo chuma kilivyomeza nishati nyingi. Kipoze chuma kile kile, huenda kikavunjika kwa urahisi kama kioo. Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini kule Portland, Marekani, maji yakiwa shwari. Ufa ulianzia kwenye kasoro ya kulehemu, na bamba za chuma zikashindwa kuuzuia. Kuvuta peke yake kusingeufichua udhaifu huo. Ndiyo maana leo vijiti vilivyokatwa kwenye bamba za meli hupozwa kwanza, kisha vikapigwa nyundo.

Haya, maswali.