Kilomita 830 juu ya siti: kuuandaa mwili kwa safari ndefu ya pikipiki

NEEMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Mimi ni Neema, na niko na kaka Rashidi kama kawaida. Leo mada imetoka kwangu mwenyewe. Mwezi ujao nataka kwenda Mbeya kumwona mama, na nataka kwenda kwa pikipiki kutoka hapa Dar. Ni kama kilomita 830. Sasa Jumapili iliyopita nilijaribu Bagamoyo, kwenda na kurudi. Kaka, nimerudi kiuno hakinyooki, na vidole viwili vya mkono wa kulia vimekufa ganzi mpaka usiku. Nikajiuliza, kama Bagamoyo imenifanya hivi, Mbeya nitafikaje?

RASHIDI: Pole sana, dada. Lakini hiyo ganzi na hicho kiuno havisemi kwamba huwezi. Vinasema wewe na pikipiki yako bado hamjakaa sawa. Ni vidole vipi hivyo viwili?

NEEMA: Cha mwisho na hiki cha pembeni yake, cha pete.

RASHIDI: Basi tatizo naliona. Hapa chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo, unapita mshipa wa fahamu. Ukiegemea mikono kwenye usukani, uzito wa kifua chote unaangukia pale. Ongeza mtikisiko wa injini ya silinda moja, saa tatu mfululizo, lazima vidole vife. Ingekuwa dole gumba na vidole viwili vinavyofuata, ningekuambia kifundo chako cha mkono kimepinda muda mrefu.

NEEMA: Kwa hiyo ninunue glavu nene?

RASHIDI: Glavu zinasaidia kidogo, ila dawa iko kwenye mapaja na tumbo. Bana tangi kwa magoti, kaza tumbo kidogo, mgongo ujibebe wenyewe. Mikono ibaki milegevu kiasi kwamba unaweza kupunga viwiko kama kuku anavyopunga mabawa. Mimi kila nikipita kijiji najikagua: viwiko vinapunga? Havipungi, basi nimeanza kuning'inia tena kwenye usukani. Halafu chukua spana, legeza ile mikono ya klachi na breki, ielekeze mpaka ukikaa kawaida mkono wako na vidole viwe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Dukani inafungwa kwa mtu yeyote tu, haifungwi kwa ajili yako. Ni kazi ya dakika kumi na haina gharama.

NEEMA: Na siti? Maana mimi nilitaka kwenda kwa fundi aniongezee sponji laini.

RASHIDI: Hapo naomba nikuzuie kabisa. Sponji laini ni tamu nusu saa ya kwanza. Baada ya hapo inabonyea, na ile mifupa miwili ya makalio inakuwa imekalia ubao. Uliposhuka Bagamoyo ulisikia maumivu wapi hasa?

NEEMA: Mahali pawili, kama nimekalia mawe.

RASHIDI: Ndiyo hivyo. Mwambie fundi aweke sponji ngumu, ile ambayo ukiibonyeza kwa dole gumba inakataa. Juu yake ndiyo unaweza kuweka tabaka jembamba laini. Na aangalie mteremko wa siti: siti nyingi za pikipiki zetu zinakusukuma mbele kwenye tangi, na wewe bila kujua unajizuia kwa mikono. Unaona tumerudi kwenye ganzi ileile? Siti inayolala sawa inaponya na vidole.

NEEMA: Sikuwahi kuunganisha hayo mawili.

RASHIDI: Watu wengi hawaunganishi. Wenye safari ndefu huko nje wanatandika ngozi ya kondoo juu ya siti, kwa sababu manyoya yanapitisha hewa na ngozi yako haisuguliwi. Hata ule mkeka wa shanga wa mbao unaouona kwenye malori na teksi unafanya kazi hiyo. Na nguo za ndani, dada, zisiwe na mshono mnene unapokalia. Kaptula ya waendesha baiskeli chini ya suruali inatosha. Mshono mmoja tu, kwa kilomita 300, unachuna ngozi.

NEEMA: Tuzungumzie stamina sasa. Wewe umeshakwenda Mbeya mara ngapi?

RASHIDI: Mara nne. Ya kwanza ndiyo naomba niisimulie vizuri, maana ndiyo iliyonifanya nishughulike na mambo haya. Niliondoka Dar saa kumi na moja alfajiri, nina Boxer ya cc 150, nia yangu nilale Mbeya siku hiyohiyo. Chalinze nikapita, Morogoro nikapita, nasimama tu pale inapobidi. Unajua pikipiki zetu zinakunywa mafuta kidogo. Tangi moja linakuvusha zaidi ya kilomita 300. Huo ni mtego, kwa sababu mwenye gari kubwa sheli inamwita apumzike, wewe haikuiti.

NEEMA: Kwa hiyo ukaendelea.

RASHIDI: Nikaendelea. Iringa nikafika jua linazama. Wenyeji wangu wakanisihi nilale, nikakataa. Mafinga giza, baridi, ukungu. Halafu nikaona taa za mji, nikasoma kibao: Makambako. Dada, kati ya Mafinga na Makambako kuna Nyororo, njia panda kabisa, ina maduka, ina matuta. Nyororo sikuiona. Nilipita pale macho yako wazi, mikono inaendesha, lakini mimi sikuwepo. Nilizima pikipiki pembeni nikatetemeka, na si baridi peke yake iliyonitetemesha. Nilikuwa na mtoto wa miezi saba nyumbani.

NEEMA: Ee Mungu. Ukalala hapo?

RASHIDI: Nililala hapohapo Makambako. Na tangu siku hiyo nalala Iringa, siku mbili, bila mjadala. Hesabu mwenyewe: ukichanganya vijiji vya mwendo wa hamsini, matuta, malori na mapumziko, wastani wako ni kama kilomita 50 au 55 kwa saa. Kilomita 830 ni zaidi ya saa kumi na tano. Huo si mwendo wa siku moja kwa mtu anayewapenda wanaomsubiri.

NEEMA: Lakini kuna watu wanaofanya zaidi ya hapo. Wale Wamarekani...

RASHIDI: Iron Butt Association, chama cha waendesha pikipiki wa masafa marefu. Ndiyo. Cheti chao cha mwanzo kinaitwa SaddleSore 1000, maili 1,000 ndani ya saa 24, yaani kilomita 1,609. Ni karibu sawa na kwenda Mbeya na kurudi. Ila wanafanya hivyo kwenye barabara pana za njia mbili mbili, na ukisoma ushauri wao wenyewe, jambo wanalolirudia ni kujua kikomo chako na kusimama usingizi unapokuja. Wanaodumu kwenye mchezo ule hawaendi kasi sana. Wanapanga vituo vyao, wanakula kidogo, hawapotezi muda kwa mambo ambayo yangeandaliwa nyumbani. Hicho ndicho cha kujifunza kwao, tuwaachie ile saa 24.

NEEMA: Basi nipangie mimi. Nina wiki tano.

RASHIDI: Bagamoyo umeshafanya, sasa rekebisha siti na usukani. Baada ya hapo Chalinze na kurudi, kama kilomita 210. Kisha pumzisha mwili wiki moja. Kisha Morogoro na kurudi, karibu 390, na hiyo ifanye na mzigo uleule utakaokwenda nao Mbeya, koti lilelile, viatu vilevile. Usivae kiatu kipya siku ya safari. Katikati ya wiki fanya mazoezi ya tumbo na mgongo nyumbani: lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke kama ubao, hesabu mpaka thelathini. Chuchumaa na kusimama mara ishirini. Dakika kumi kila siku. Shingo nayo inahitaji kuzoea, maana kofia ngumu ina uzito na upepo unaisukuma.

NEEMA: Ukitaja upepo, mimi kichwa kiliniuma sana. Nilidhani ni jua.

RASHIDI: Ni kelele. Ndani ya kofia ngumu, ukiwa kwenye mwendo wa 90 au 100, upepo unaweza kufikisha desibeli 100. Sikio linapigwa siku nzima, ubongo unachoka, na usikivu unaweza kuharibika usirudi. Nunua vizibo vya sponji vya masikioni, famasi vipo, bei yake ndogo. Honi ya lori utaisikia, king'ora utakisikia, kinachopungua ni ule mvumo. Kama kuna kitu kimoja nilichochelewa kukijua na kinaniuma, ni hiki.

NEEMA: Mimi nilijua vizibo ni vya watu wa kiwandani. Haya, maji na chakula.

RASHIDI: Maji kidogo kidogo, kila unaposimama. Upepo unakausha jasho kabla hujaliona, kwa hiyo unadhani hutoki jasho. Angalia mkojo: ukiwa na rangi ya chai, umechelewa. Chakula cha mchana kisiwe sahani ya ugali iliyojaa. Ndizi, karanga, yai, chapati moja na supu. Jioni Iringa utakula vizuri.

NEEMA: Na kahawa?

RASHIDI: Kahawa inahitaji kama nusu saa ianze kazi. Ukisikia macho mazito, kunywa, kisha jilaze dakika ishirini kwenye kivuli, ukiamka imeshafika. Ule muda wa saa nane mpaka saa kumi mchana mwili wa kila mtu unashuka, hata aliyelala vizuri. Mimi nausubiri nikiwa nimesimama. Na ujue dalili: unachelewa kupunguza gia, macho yanang'ang'ania taa za nyuma za lori moja, hukumbuki kijiji ulichopita. Ukiona moja tu, simama. Usimalizie kwanza kilomita ishirini zilizobaki.

NEEMA: Nielekeze vituo vyenyewe basi, kutoka Dar mpaka Iringa.

RASHIDI: Weka kengele kwenye simu kila baada ya saa moja, ikilia tafuta mahali salama, shuka, tembea, nyoosha mgongo. Chalinze, Morogoro, halafu Doma. Doma nakusisitizia kwa sababu mbele yake ni Mikumi, na barabara inakatiza hifadhi kama kilomita 50. Mle ndani hutashuka kunyoosha miguu, kuna tembo, kuna nyati, na swala anavuka bila taarifa. Kwa hiyo ingia hifadhini umeshapumzika, umeshajisaidia, umeshakunywa maji. Ukitokea Mikumi mjini, pumzika tena.

NEEMA: Halafu ndipo joto.

RASHIDI: Ruaha Mbuyuni. Pale ndipo watu wanafungua koti wapigwe upepo, na ndipo wanapokauka. Upepo wenyewe ni wa moto. Funga koti, lowesha skafu ya shingoni, lowesha na fulana ukiweza, halafu endesha. Utapoa muda mrefu kuliko aliyevua. Na hapohapo, kabla ya kupanda mlima Kitonga, toa sweta uliweke juu ya mzigo, maana ukimaliza kona zile hali ya hewa ni nyingine. Iringa iko mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari.

NEEMA: Nivae nikiwa juu?

RASHIDI: Vaa mara tu unapofika juu, au pale Ilula wanapouza nyanya, kabla hujasikia baridi. Ukishaanza kutetemeka, kurudisha joto huku unaendesha ni kazi kubwa. Kesho yake Mafinga mpaka Makambako ni kali zaidi. Koti la mvua linavaliwa hata kukiwa hakuna mvua, linazuia upepo. Gazeti lililokunjwa kifuani ndani ya koti, wazee wa pikipiki walitufundisha, na linafanya kazi. Mikononi vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo ndani ya glavu zako.

NEEMA: Na mama akiniuliza kwa nini sikupanda basi?

RASHIDI: Mwambie utakwenda siku mbili na utampigia kila kituo. Umpigie kweli. Mimi mke wangu anajua nikiwa Doma, anajua nikiwa Ilula. Kile kitendo cha kushuka nimpigie ni mapumziko tayari.

NEEMA: Nitafanya hivyo. Sasa kaka, ile safari ya Chalinze, utanisindikiza?

RASHIDI: Nitakusindikiza. Ila wewe tangulia mbele, mimi nyuma niangalie viwiko vyako.

NEEMA: Jumamosi?

RASHIDI: Jumamosi siti iwe imeshatoka kwa fundi. Saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa Kibamba, kwenye sheli. Njoo na vizibo vya masikio pea mbili, moja utampa anayekusikiliza sasa hivi na hana.

NEEMA: Wasikilizaji mmesikia. Wiki ijayo tutawaletea taarifa ya Chalinze, na vidole vyangu vitakuwa na habari yao.