Plagi ya Turbo: Uliza Namba Kabla ya Bei

Mhadhara kwa mafundi na wenye magari, uani kwa gereji moja ya Ngamiani, Tanga

Assalaam aleikum. Na wale wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe. Vijana wa nyuma sogeeni kivulini, jua la saa nne Tanga halina adabu na mimi sitamaliza upesi. Ndoo hii mnayoiona imejaa plagi chakavu. Nimezikusanya miaka mingi, na mke wangu kesha kutaka kuzitupa mara tatu. Leo zina kazi.

Kabla sijaanza, kuna mwenye Prado ya injini ya 1KZ hapa? Wewe, kaka? Gari lako lina turbo, sikatai, lakini ni dizeli. Dizeli inawaka kwa kubanwa, haihitaji cheche. Zile zako ni hita plagi, kazi yake ni kupasha moto asubuhi unapowasha. Kaa usikilize, karibu sana, ila ukitoka hapa usiende dukani kuulizia iridiamu, ile plagi ya ncha ya madini ghali. (Kicheko.)

Sasa tubaki sisi wa petroli: Subaru za turbo, Caldina ya GT-T, Chaser na Mark II za injini ya 1JZ yenye turbo, Golf, Audi. Wote mna neno moja mkifika dukani: "Una iridiamu?" Sijasikia hata siku moja mtu akiuliza, "Una namba saba?" Na namba, ile ya joto iliyoandikwa kwenye plagi, ndiyo inayolinda pistoni. Iridiamu inakupunguzia safari za kurudi kwangu, basi.

Plagi ina kazi mbili. Ya kwanza mnaijua, kurusha cheche. Ya pili haisemwi: kutoa joto. Moto unawaka ndani ya silinda, ncha ya plagi iko katikati ya huo moto, na joto linaloingia kwenye ncha lazima litoke. Njia yake ni hii: linapita kwenye kauri, yaani hii nyeupe, linaingia kwenye mwili wa chuma, linapita kwenye uzi na gasketi, linaingia kwenye silinda hedi, maji yanalichukua.

Nyumba zetu hizi za Ngamiani mnazijua, mlango mbele, korido, vyumba huku na huku, uani nyuma. Aliye chumba cha mbele akisikia joto hatua mbili yuko barazani. Aliye chumba cha mwisho mpaka apite korido nzima. Plagi ni hivyo hivyo. Shika hizi mbili, uzi ule ule, urefu ule ule, ukiziweka mezani ni mapacha. Chungulieni kwa ndani. Hii kauri yake imezama mbali kabla haijagusa chuma: korido ndefu, joto linachelewa kutoka, ncha inabaki na moto. Hiyo tunaiita plagi ya moto. Hii nyingine kauri ni fupi, joto linatoka haraka. Hiyo ni plagi ya baridi. Haina maana kwamba cheche yake ni baridi, au kwamba gari litachemka kidogo. Cheche ni zile zile.

Ncha inatakiwa ifanye kazi kwenye nyuzi 450 hadi 850 hivi za Selsiasi. Chini ya 450 masizi hayaungui, yanajazana kwenye kauri, umeme unapita kwenye masizi badala ya kuruka, gari linamisi, yaani silinda inakosa kuwaka. Juu ya 850 ncha inakuwa kaa la moto. Inawasha petroli yenyewe, kabla ya wakati, pistoni ikiwa bado inapanda. Pistoni inakutana na moto uso kwa uso.

Turbo inafanya nini? Inashindilia hewa ndani ya silinda. Hewa zaidi, petroli zaidi, joto zaidi kwa kila mpigo. Kwa hiyo injini ile ile ikiwekewa turbo inataka korido fupi.

Namba sasa. Kwa NGK, watengenezaji wa Japani, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi: sita ni baridi kuliko tano, saba kuliko sita. Denso wanakwenda njia hiyo hiyo kwa hesabu yao: 20 ya Denso ni sawa na sita ya NGK, 22 ni saba, 24 ni nane. Lakini Bosch wa Ujerumani na Champion wamegeuza, namba ikipanda plagi inakuwa ya moto. Ukizoea Mjapani halafu ukapewa Mjerumani, usikisie. Hatua moja ya namba inabadilisha joto la ncha kwa nyuzi 70 hadi 100.

Hapo kwenye hatua ndipo mimi nililipa ada yangu.

Ni miaka 15 sasa. Mteja amekuja Ijumaa jioni na gari la turbo, linamisi, kesho yake anapandisha Lushoto harusini. Plagi zimekwisha, zile za kiwandani ni namba saba. Nikazunguka mjini, hakuna. Duka la mwisho wana namba tano. Zinaingia, boksi spana ile ile inazifunga, na mimi nilikuwa na kiburi cha ujana. Nikafunga. Gari likaunguruma vizuri kama jipya! Nikalizungusha Chumbageni, Raskazoni, nikarudi, halina kasoro. Mjini huwezi kuona kitu, maana mjini turbo haifanyi kazi, iko likizo.

Kesho yake watu wanne ndani, buti limejaa nazi na samaki wa kukaanga, wamekata kona Mombo wanaanza kupanda. Mnaijua ile njia, kona juu ya kona, mguu hautoki kwenye mafuta. Kabla ya Soni injini ikapiga kelele ya bati, moshi, kimya. Nilipofungua hedi, pistoni ya tatu ina tundu, kidole changu kinaingia. Plagi yake hii hapa. Ipitisheni, msiisugue. Oneni kauri, nyeupe kama chokaa, ina malengelenge. Na ule mguu wa pembeni umeyeyuka, umebaki kisiki. Injini nilimlipa kwa mafungu, miezi minane. Samaki walioza, hilo nalo nilikumbushwa kila nilipopeleka fungu.

Kwa hiyo mkiniuliza niweke ipi: gari ambalo halijachezewa, weka namba aliyoandika mtengenezaji. Usipande, usishuke. Angalia kitabu, au mpe muuza vipuri namba ya chesisi atafute. Usinakili tu iliyomo, maana magari yetu yanatoka Japani yameshapitia mikono, na huko nako kuna vijana kama nyie. Nimefungua Subaru moja nikakuta plagi tatu namba sita na ya nne namba saba. Aliyefanya hivyo yuko wapi sijui, lakini ni ndugu yangu.

Ukilichezea, yaani umeongeza busti, ile kani ya hewa ya turbo, au umebadilisha programu ya injini, basi kanuni ya mafundi ni kwamba kwa kila nguvu za farasi 75 hadi 100 ulizoongeza, nenda hatua moja ya baridi. Msizidishe, lakini. Kuna kijana alimwekea mama mmoja namba tisa "ili gari liwe salama." Mama anatoka nyumbani kwenda sokoni na kurudi, kilomita tatu. Wiki mbili plagi nyeusi tititi, gari haliwaki asubuhi.

Na plagi ya baridi si dawa ya petroli dhaifu. Turbo nyingi za Japani zimetengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu, kule inauzwa kama 100. Hapa unaweka iliyopo. Injini ikinoki, yaani ikigonga ndani, unapokanyaga, punguza busti au mtafute mtu arekebishe taimingi, ule wakati wa kurusha cheche. Plagi peke yake haitakuokoa.

(Swali kutoka kwa dada mmoja: "Mwalimu, gari langu mjini halina shida. Nikifika kule Segera nikitaka kupita lori, nikikanyaga, linakatakata kama lina kwikwi. Nimebadilisha koili zote nne.")

Koili zote nne, zile zinazotoa umeme wa cheche! Pole, dada. Plagi je? Mpya? Unayo moja? Nipe.

Nawasomea ubavuni: BKR6E-11. B ni uzi wa milimita 14. R ina rezista ndani. Sita ni joto. E ni urefu wa uzi, milimita 19. Na ile 11 ya mwisho ndiyo inayokutesa, dada yangu. Ni gepu, nafasi kati ya ncha ya katikati na mguu wa pembeni, milimita 1.1. Gepu la gari lisilo na turbo.

Jaribu kuwasha kiberiti pale Forodhani kusi ikivuma. Kinazimika. Mafundi husema turbo "inapuliza" cheche, na si vibaya kusema hivyo, ingawa kilichopo hasa ni kwamba hewa iliyobanwa ni ngumu zaidi kwa umeme kuiruka. Kadiri unavyobana, koili inatakiwa itoe volti nyingi zaidi kwa gepu lile lile. Ukiwa mjini busti hakuna, koili inamudu. Ukikanyaga kupita lori, hewa inashindiliwa, koili inashindwa kuruka milimita 1.1, cheche hakuna, ndiyo hiyo kwikwi. Koili yako ya zamani pengine haikuwa na neno.

Turbo nyingi zinatoka kiwandani na 0.7 au 0.8. Zilizoongezwa busti watu wanashuka hadi 0.6. Fila geji hii hapa, vijani vya chuma vya kupimia gepu, nawapimia... jani la 0.8 linapita bila kugusa. La moja linapita. La 1.1 ndilo linalokwaruza. Naweza kulibana kwa kusogeza mguu wa pembeni, taratibu, bila kugusa ncha ya katikati. Lakini wewe nunua ya turbo, urudi nikufungie bure. Namba ya joto nayo tutaiangalia kwenye kitabu cha gari lako.

Sasa iridiamu, maana naona nyuso zimeanza kununa. Iridiamu inayeyuka kwenye nyuzi 2,446, platinamu 1,768, nikeli 1,455. Kwa kuwa ni ngumu, wanaweza kuifanya ncha nyembamba, ya milimita 0.6, na Denso wana ya 0.4. Ncha nyembamba inataka volti kidogo, na hilo linaifaa turbo. Mimi mwenyewe naitumia. Lakini iridiamu namba tano ni namba tano, itatoboa pistoni vilevile, kwa bei ghali zaidi. Na ya kawaida, tunayoiita ya shaba, ncha yake ni nikeli. Ukiweka namba sawa na gepu sawa itafanya kazi, ila uwe tayari kuifungua mapema. Iridiamu za muda mrefu wanaziandikia hadi kilomita 100,000. Kwenye turbo mimi nazichungulia kwenye 40,000, nione rangi. Kahawia hafifu au kijivu, rudisha. Vitone vinavyong'aa kwenye kauri ni aluminiamu ya pistoni, zima gari.

Feki zipo, tena nyingi. Boksi limepigwa chapa vizuri kuliko la kweli. Shika gasketi: ya NGK halisi haichomoki kirahisi, lazima uizungushe kama unafungua nati. Ikidondoka yenyewe, rudisha dukani. Na yenye herufi R pima kwa mita, kutoka kichwani hadi ncha ya katikati. Inatakiwa isome kama kilo-omu 5. Ikisoma sifuri, rezista hamna, ni msumari umepakwa rangi.

Kufunga. Injini iwe baridi. Puliza shimo kwanza, mchanga wa Tanga usiingie ndani. Anza kwa mkono mpaka igote, kisha kwa plagi mpya ya uzi wa 14 yenye gasketi, nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Mwenye toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, Nyutoni-mita 25 hadi 30 kwa hedi ya aluminiamu. Msipake grisi kwenye uzi. Ikilegea ni kama mmefunga ule mlango wa mbele: joto limefika mlangoni halina pa kutokea, na namba saba yako inafanya kazi kama tano.

Meza ile pale ina mita mbili. Kila mmoja achukue plagi tatu kwenye ndoo, asome namba kwa sauti, kisha apime. Nne kati ya zilizomo ndooni ni feki, niliziweka mimi. Dada wa Segera, anza wewe.