Sungura Mahakamani: Nakala ya Dekretali za Smithfield

Ndugu wasikilizaji, mwaka 1234 Papa Gregori IX alitangaza Dekretali, yaani mkusanyo wa sheria za Kanisa ulioandaliwa na Raimundi wa Penyafort, mtawa Mdominiko, ambaye alichambua barua za mapapa na kanuni za mitaguso, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, akaondoa zilizorudiwa na kuzipanga zilizobaki katika vitabu vitano. Mkusanyo huo ulipelekwa kwa walimu wa sheria wa Bologna na Paris, na kwa kuwa uchapaji haukuwapo bado Ulaya, aliyeuhitaji alitengenezewa nakala kwa mkono.

Nakala tunayoitazama leo imehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza, London. Iliandikwa kwenye ngozi kusini mwa Ufaransa, yamkini Toulouse, karibu na mwaka 1300. Sheria yenyewe imekaa katikati ya ukurasa, huku ufafanuzi wa mwanasheria wa Kanisa, Bernardo wa Parma, ukiizunguka kwa maandishi madogo. Kisha kitabu kikafika London, na mnamo miaka ya 1340 wachoraji wa huko wakajaza mamia ya picha kwenye pambizo za chini.

Zinazojulikana zaidi ni za sungura. Wanamfuma mwindaji kwa mshale, wanamfunga kamba, wanamfikisha mbele ya hakimu ambaye naye ni sungura, kisha wanamkata kichwa. Baadaye ni zamu ya mbwa wake, ambaye anahukumiwa, anapakiwa mkokotenini na kunyongwa. Sungura wa ngano zetu humshinda mwenye nguvu kwa ujanja, lakini hawa hawahitaji ujanja, maana mahakama ni yao.

Wako wanaosema huo ni mzaha mtupu wa wachoraji. Mimi sikubali. Mshale ule ungetosha kumuua mwindaji, lakini mchoraji amefuata hatua za kesi, ukurasa baada ya ukurasa, chini ya maandishi ya sheria. Tena kitabu cha tatu cha mkusanyo huu kina katazo la Mtaguso wa Nne wa Laterano, wa mwaka 1215, kwamba mklero, yaani mtu mwenye daraja la Kanisa kama padre, asitoe hukumu ya kifo, wala asiitekeleze, wala asiwepo inapotekelezwa. Nakala hii ilikuja kuwa mali ya watawa wa Mtakatifu Bartolomayo, ambao nyumba yao ilipakana na uwanja wa Smithfield, London, mahali pale pale William Wallace, kiongozi wa Waskoti waliopigana na Waingereza, alipouawa hadharani mwaka 1305. Wasomaji hao walikatazwa kuhudhuria hukumu za kifo, ilhali jirani yao wa karibu alikuwa ni uwanja wa kuulia watu.