Boksi la TV Limegoma? Usizime Fayawoli

Haya jamani, karibuni tena. Wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi huko nyumbani! Leo naongea na wale ambao simu inaingia mtandaoni vizuri, laptopu vizuri, lakini ukifungua programu ya video kwenye boksi la TV kiduara kinazunguka weee, mpaka unachoka. Akaja fundi, akazima fayawoli ya ruta, yaani yule mlinzi anayechuja kinachoingia na kutoka kwenye mtandao wa nyumbani, picha ikatokea, akachukua chake akaondoka. Sasa nyumba nzima iko wazi. Ile siyo dawa, ndugu zangu.

Boksi ndilo linaloanza mazungumzo. Linatoka ndani kwenda kwenye seva, na fayawoli inakumbuka nani kauliza nini, jibu likirudi inalipitisha. Kwa hiyo kutazama video hakuhitaji poti (mlango wenye namba wa kupitishia data) hata moja ifunguliwe kutoka nje kuja ndani. Mtu akikushauri uliweke boksi kwenye DMZ, yaani uliache wazi kwa mtandao wa nje, mshukuru halafu usifanye. Kama fayawoli ndiyo tatizo, basi kuna kitu inakizuia kutoka.

Kitu gani? Usibahatishe. Ingia kwenye ruta, lipe boksi anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.40. Kisha fungua logi ya fayawoli, daftari lake la matukio, zima boksi, liwashe, na ukodoe macho hapo hapo. Mara unaona mstari: 192.168.1.40, UDP, poti 123, imezuiwa. Unajirudia tena na tena. (UDP ni namna moja ya kusafirisha data, TCP ni nyingine.)

Wengi wanaupuuza huo mstari, kwa sababu video zenyewe hupita poti 443. Ni kweli, ila 123 ni poti ya saa. Maboksi mengi hayana betri ya kutunza saa, hivyo yakizimwa yanasahau leo ni lini. Likiwaka linaweza kudhani tuko mwaka 1970! Seva inaleta cheti chake cha usalama, boksi linakitazama, linaona muda wake wa kuanza kutumika bado kabisa, linakikataa. Wewe kwenye skrini unaona kiduara tu. Nenda kwenye mipangilio, angalia tarehe. Ikiwa ya ajabu, mchawi wako umempata: ruhusu UDP 123 itoke, washa upya.

Saa ikiwa sawa na bado kugumu, tazama poti 53, ya DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Chromecast, kile kifaa cha Google cha kurushia video kwenye TV, kwa mfano, ina tabia ya kuuliza seva za DNS za Google, 8.8.8.8 na 8.8.4.4, hata kama ruta imeielekeza kwingine. Ukiyazuia maswali yake kimyakimya, linabaki linasubiri. Mimi naona heri kuyageuza yaende kwenye DNS uliyoichagua wewe. Ukiona UDP 443 imezuiwa, hiyo isikunyime usingizi, kwa kawaida programu hurudi kwenye TCP zenyewe.

Kurusha picha kutoka simu kwenda TV ni kesi nyingine kabisa. Simu hulitafuta boksi kwa kupaza sauti kwenye 224.0.0.251, poti 5353, na sauti hiyo haivuki mtandao mmoja kwenda mwingine. Simu ikiwa kwenye waifai kuu na boksi kwenye ya wageni, hawataonana hata ufanyeje. Viweke pamoja, au kama ruta yako ina kipitisha mDNS (ndiyo hiyo sauti ya kutafutana), kiwashe.

Lakini kabla hujaliruhusu boksi lolote, ni la nani hilo? Juni 2025 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitahadharisha kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vilivyotekwa na wahalifu, yakiwemo maboksi ya Android yasiyo na jina la maana, mengine yakitoka kiwandani na virusi tayari. Likikuomba uzime Google Play Protect, ulinzi wa Google dhidi ya programu hatari, rudisha ulikonunua. Hilo fayawoli ikilizuia, iache ifanye kazi yake!

Kama bado limegoma, niandikieni hapo chini aina ya ruta na mstari wa logi wenyewe. "Kaka, haifanyi kazi" peke yake sina la kuifanyia.