Leso ya Waridi na Kijani

Assalamu alaykum nyumbani, hamjambo? Niko ndani ya gari, nje baridi kali, sauti ikikatika mnisamehe. Leo nina kisa cha leso.

Mama alininunulia pale Biashara Street, Mombasa. Waridi kwa kijani, na jina lake: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Nikajifunga, nikaenda kwenye sherehe ya wanafunzi weusi chuoni huku Marekani. Hata kuku sijamfikia, dada mmoja akanishika mkono: "Wewe ulivuka lini?" Nikamwambia nimevuka Januari, kwa ndege. Alivyonitazama!

Kumbe waridi na kijani ni rangi za Alpha Kappa Alpha, chama cha akina dada kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, mwaka 1908. Kamala Harris ni mwenzao. Na "kuvuka" ndiko kukubaliwa kuwa mwanachama. Yaani nilikuwa kama mtu aliyeingia arusini kavaa sare ya kina bibi harusi, na ukoo mzima haumjui.

Sasa nyinyi mnaowaona wale wasichana wa Alabama kwenye TikTok kila Agosti, wakizunguka nyumba hadi nyumba wiki nzima kuchaguliwa, kisha wanakimbia huku wakipiga mayowe, hiyo ni dunia nyingine, ya vyama vya weupe. Herufi ni zilezile za Kigiriki, lakini wale wana majumba yenye nguzo kama ikulu, na mpishi ndani. Mlango huo kwa miaka mingi ulifungwa kwa weusi, ndiyo weusi wakaanzisha vyao. Alpha Phi Alpha, cha wanaume, kilianza Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906, na vijana saba. Delta Sigma Theta, cha akina dada, kilizaliwa Januari 1913, na Machi 3 mwaka huohuo wasichana wake walishaingia barabarani Washington, kwenye maandamano ya kudai kura ya wanawake. Hata miezi miwili hawajamaliza!

Leo vyama hivyo ni tisa. Jumba la kifahari chuoni, mara nyingi hawana. Wana kitu kingine: chuo kwao ni mwanzo tu. Mtu anaweza kujiunga ana kazi na watoto. Juzi dukani, mama wa makamo kamwona bibi wa miaka kama themanini ng'ambo ya rafu za mchele, kavaa sweta ya waridi na kijani. Akatoa sauti nyembamba, "skii-wii!", mlio wa Alpha Kappa Alpha. Bibi akaitikia palepale, kigari kakiacha, wakakumbatiana. Hawajuani!

Na siku ya kuwatoa wapya, jamani. Wanatoka kwa mstari, nyuso zimefunikwa, wanakariri majina ya waasisi bila kukosea, halafu wanafunuliwa mmoja mmoja. Mimi nasema huyu ni mwari anatolewa nje! Kisha miguu na makofi, ngoma haipo lakini mdundo unausikia kifuani. Wanaume wa chama cha Omega wanabweka kama mbwa, wale wa Kappa wanazungusha bakora. Nyanya yangu, mtu wa lelemama, angeelewa mara moja, na angeuliza upande gani umevaa vizuri zaidi.

Ah, kosa langu la pili: walipopanga mstari wa kucheza kuzunguka ukumbi, mimi nikapita katikati nikifuata soda. Usipite. Zunguka, hata kama kiu inakuua.

Kitu nisichokipenda ni mateso ya wanaojiunga. Kwa weupe vijana wamekufa kwa kunyweshwa pombe, kwa weusi ni kipigo. Mwaka 1990 vyama vya weusi vilifuta rasmi ule utaratibu wa zamani wa kuwapitisha wapya kwenye majaribio, lakini mambo ya chinichini hayakwisha. Binamu yangu unayekuja Agosti, nakuona unatazama: ukiitwa usiku upigwe ubao, shika viatu vyako utoke.

Yule dada wa sherehe sasa ni rafiki yangu. Alitaka kujua maandishi ya leso yanasemaje. Nilipomfasiria alicheka mpaka akakaa chini, akaomba yake. Kwa hivyo mama, nitumie jozi moja ya rangi zilezile, ni yake huyo. Mimi nitafutie ya manjano... Hapana, ngoja kwanza nimuulize manjano ni ya nani.